Mwanya Wangu na Mpira wa Valvu

Meno yangu mawili makubwa ya juu yaliota kama majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Kati yao palikuwa na mwanya wa kupitisha punje ya mtama bila kugusa upande wowote. Kwetu Usambara mwanya si kilema, ni pambo, na pambo lenyewe nililirithi kwa mama. Baba husema wazi, hata mbele ya wageni, kwamba siku ya kwanza alipomwona mama akiteremka mlimani na mzigo wa kuni, hakuona kuni wala hakuona mzigo, aliona mwanya.

"Mbuzi wote niliotoa niliutolea ule mwanya," husema. "Mengine nilipewa nyongeza."

Mama humrushia mwiko, lakini humrushia taratibu.

Basi mimi nilipata mali ile bila kutolewa hata kwato moja, na ningeendelea kuitumia kwa kazi niliyoijua, yaani kutema mate mbali kuliko kijana yeyote wa kijiji chetu cha Malindi, hiki cha milimani, si kile cha pwani, kama nisingependa tarumbeta.

Kanisa letu la Kilutheri lina bendi ya tarumbeta. Vyombo vyenyewe waliviacha wamisionari wa Kijerumani zamani, na kila kimoja kina mabonde na vilima kama Usambara yenyewe. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu kutoonekana kwenye orodha ya waliochaguliwa, nilirudi kwenye viazi vya baba bila kulia sana, kwa sababu nilikuwa na mpango wangu. Nitajifunza tarumbeta. Nitapuliza mpaka watu wa redio kule Dar es Salaam wasikie, wanitumie gari, nisimame mbele ya kipaza sauti na nchi nzima ikae kimya. Nikiwa napalilia nilikuwa naona kila kitu, hata soksi nitakazovaa. Mara nyingi nilipalilia na viazi vyenyewe.

Mwaka ule kijiji chetu kiliandikishwa rasmi kuwa kijiji cha ujamaa, na tukaambiwa mgeni mkubwa kutoka serikalini atapanda kuja kukitazama. Mwenyekiti wa kijiji alichanganyikiwa kwa furaha. Aliamuru barabara ichongwe, choo cha shule kipakwe chokaa, na bendi ya kanisa ipige wimbo wa taifa. Waislamu wa kijiji hawakulalamika. Walisema bora tarumbeta za Walutheri kuliko mwenyekiti kuimba mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mpigaji wetu wa tarumbeta ya kwanza alikuwa ameteremka kufanya kazi kwenye mkonge, akaoa hukohuko. Mwalimu wa bendi, mzee mkali aliyetufundisha pia hesabu shuleni, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua kuku. Akasimama kwangu.

"Wewe pumzi unazo," akasema. "Nimekuona unapanda na gunia la viazi huku unaongea."

Pumzi nilikuwa nazo kweli. Lakini nikipuliza, noti ya juu ilitoka na mwenzake asiyealikwa: *fsss*. Mwalimu akasogea, akachana karatasi nyembamba, akaishika mbele ya mdomo wangu. Karatasi ikatikisika.

"Umeona? Upepo unavuja. Unapita kwenye mwanya."

Wenzangu kwenye bendi wakaangua kicheko. Mmoja akasema nipewe tarumbeta mbili, moja kwa kila jino.

"Siku ya mgeni iko mbali kidogo," akasema Mwalimu. "Ukiweza kuuziba, nafasi yako. Usipoweza, utabeba ngoma."

Nilianza na nta ya nyuki. Niliibandika vizuri, nikapuliza mstari mmoja kama malaika, mstari wa pili nta ikapata joto na kuteremkia kooni. Nikajaribu utomvu wa mti, mdomo ukafungana hata Mwalimu akasema huo ndio ukimya aliokuwa akiutafuta kwangu tangu darasa la nne. Nikajaribu kijiti. Kijiti kilitoka na noti, kikampata mpiga ngoma shingoni.

Ndipo nikaenda kwa rafiki yangu fundi baiskeli. Alikuwa na kibanda chake pembeni ya duka la kijiji, na alikuwa mtu anayeamini kwamba hakuna kitu duniani kisichotengenezeka kwa spana, waya na mpira. Nilimkuta anabadilisha mpira wa valvu. Kwa asiyeufahamu, ni kile kimrija chembamba chekundu-chekundu kinachovalishwa kwenye valvu ya baiskeli, ili upepo ukishaingia usitoke. Nikamweleza shida yangu. Akaacha kazi, akaniinulia kile kimrija.

"Kazi ya kitu hiki ni nini?"

"Kuzuia upepo."

"Na shida yako ni nini?"

"Upepo."

"Basi ndugu yangu, unataka nikuambie nini tena?"

Kwa elimu yangu na yake tukiziunganisha, hoja hiyo haikuwa na tundu. Akachukua wembe, akakata kipete chembamba kutoka kwenye ule mrija, akakivuta kwa vidole, akanivalisha meno yote mawili kwa pamoja. Kikabana kama pete ya ndoa ya mtu aliyenenepa.

"Kikilegea, njoo nikukatie kingine," akasema. "Kwa wapiga tarumbeta ni bure."

Siku ya kwanza nilitoa machozi kwa sababu ya makande. Siku ya tatu nikazoea. Wiki ya pili, nilipojitazama kwenye kipande cha kioo cha baba cha kunyolea, mwanya ulikuwa nusu. Nilishangaa! Mimi niliyeshindwa kumfanya mbuzi asogee, nimesogeza mfupa! Wiki ya nne meno yalikuwa yamekutana bega kwa bega kama askari wa gwaride, na jioni ile nikapiga wimbo wa taifa nikiwa nimesimama juu ya jabali nyuma ya nyumba. Mimi nilisikia hakuna *fsss*. Labda ilikuwepo, lakini mtu mwenye furaha ana masikio ya hiari yake.

Mama peke yake hakufurahi. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Umeufanya nini mwanya wangu?"

"Nimeufunga tu, mama. Kwa ajili ya taifa."

"Taifa limekuambia lini?"

Baba naye akasema, "Mimi natoa mbuzi, huyu anaziba kwa baiskeli." Akatoka nje akitikisa kichwa.

Sifa zangu zikaenea. Vijana wawili wa bendi na binti mmoja wa kwaya wakaja kuuliza siri. Binti yule alikuwa na mwanya mzuri kuliko wote, lakini alikuwa ameambiwa na mtu fulani kwamba wasichana wa mjini hawana. Mimi, kwa moyo mwema kabisa, nikawapeleka wote watatu kwa fundi. Nilijiona kama mtaalamu. Nilifika mahali pa kuwaambia wafungue midomo, nikitikisa kichwa na kusema "mhm".

Asubuhi moja nikaamka, kipete hakipo. Nikatafuta kwenye mkeka, nikatafuta kwenye bakuli la uji, sikukiona. Nikasema nimekimeza, kazi kimemaliza, kiende kwa amani. Sikukata kingine kwa kuwa meno yalikuwa yamekaa palepale yalipotakiwa.

Lakini meno hayakutulia. Baada ya wiki chache niliona yanarefuka. Yalianza kuchungulia hata nilipofumba mdomo. Fizi ikavimba, ikawa rangi ya nyama ya maini, na nikipiga mswaki damu inatoka. Halafu siku moja nikiwa nazungumza na Mwalimu niligusa meno yale kwa ulimi, yakacheza. Yote mawili. Yalicheza kama nguzo za ua baada ya mvua za masika. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mgeni afike.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kula ugali kwa kuumeza mzimamzima na mchuzi. Nikipuliza tarumbeta nilihisi meno yanarudi nyuma kama watu wanaosukumwa mlangoni. Shangazi yangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Mnazi, alinitazama mara moja tu akatoa hukumu: kuna mtu ana wivu na tarumbeta yangu, amenitupia kitu. Akasema kwao Mnazi yuko mganga hodari, anakufyonza mahali panapouma na kutoa kitu ulichotupiwa: kucha, nywele, hata kipande cha kigae.

"Huyu hajatupiwa kitu," akasema mama. "Huyu kajitupia mwenyewe. Kesho tunakwenda Lushoto."

Tulipanda lori la viazi. Mimi nilikaa juu ya magunia nimeshika mdomo kwa mikono miwili, maana kila kona ya barabara ile ilinitisha kwamba nitafika mjini na meno mfukoni. Mama alikaa kando yangu. Kwenye kona moja kali akaweka kiganja chake juu ya viganja vyangu, tukayashika meno watu wawili.

Pale hospitali mtu wa meno alikuwa na chumba kimoja, kiti kimoja kirefu cha chuma, na mashine ya kutobolea inayoendeshwa kwa mguu kama cherehani. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, mnene, mwenye sauti ya chini ya kiungwana.

"Shikamoo, daktari," nikasema.

"Marahaba, baba. Mimi si daktari, mimi ni msaidizi wa meno. Lakini jino linalouma halijui cheo. Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, akaketi kwenye benchi, mkoba magotini, kama aliyekuja kusikiliza kesi.

Yule bwana akayashika meno yangu kwa vidole viwili, akayatikisa kidogo, uso wake ukabadilika.

"Ulianguka? Ulipigwa?"

"Hapana."

"Punda alikupiga teke?"

"Hapana."

"Sema kweli, baba. Meno ya kijana mzima hayalegei kwa kusoma Biblia."

Mama akajibu badala yangu: "Alifunga mpira wa baiskeli."

Yule bwana akanitazama. Akamtazama mama. "Mpira wa baiskeli. Uko wapi?"

"Niliumeza," nikasema.

"Uliona ukiumeza?"

Kusema kweli, sikuona.

Akanichoma sindano ya ganzi, akangoja mdomo wangu uwe wa mtu mwingine, kisha akachukua kidude chembamba chenye ncha iliyopinda akaanza kuchokonoa chini ya fizi, taratibu, huku akivuma wimbo. Akaacha kuvuma. Akachukua koleo ndogo. Nikahisi kitu kikivutwa kutoka ndani sana, karibu na pua, pahali ambapo sikujua kama ni pangu. Akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kile kipete changu, chekundu-chekundu, kizima.

"Yesu wangu," mama akasema.

Mimi niliwaza kuhusu shangazi na yule mganga wake wa Mnazi. Huyu wa serikali amemshinda. Yeye hakutoa kucha wala kigae, alitoa kipuri cha baiskeli.

"Unalima nini kwenu?" akaniuliza, akiwa bado ameshika kile kipete.

"Viazi, kabichi, karoti," nikasema kwa mdomo wa ganzi, ikatoka "kawoti".

"Vizuri. Jino ni karoti. Hicho unachokiona nje ni bega lake tu, kilichobaki kiko udongoni, na kwenda chini kinazidi kuwa chembamba. Sasa chukua mpira, ivike karoti begani, ibane. Mpira utateleza kwenda wapi?"

Nikafikiri. "Mkiani."

"Mkiani. Unapanda chini ya fizi, unakata nyuzi zinazoshika jino, unakula mfupa, na mwenye jino anasema ameumeza. Ungekaa mwezi mwingine, meno haya yangetoka yenyewe ukipiga chafya."

Akaendelea, sasa kwa upole, kwamba nisijione mjinga kupita kiasi. Meno kweli husogea. Huko wanakojua kazi hiyo wapo wataalamu wanaoyanyoosha kwa waya mwembamba, mwaka mzima na zaidi, wakisukuma kidogo na kungoja mfupa ujijenge upya nyuma ya jino. Wanatazama kila mwezi. Wanajua wapi pa kushika. "Na hawavalishi kitu kinachoweza kutembea chenyewe," akasema. "Nani mwingine amevaa?"

Nikainua vidole vitatu.

"Kesho," akasema. "Kabla hujanywa chai."

Akachukua waya laini, mwembamba kama uzi, akayafunga yale meno mawili na majirani zao wa kulia na kushoto, akiuzungusha huku na huku kama fundi wa ua anayefunga mianzi. Akaniambia: wiki sita. Uji, viazi vya kupondwa, maharage yaliyoiva sana. Kusukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mswaki laini, si kile kijiti cha kutoa damu. Miwa hapana, mahindi ya kuchoma hapana, kufungua chupa kwa meno hapana hata baada ya kufa. Na tarumbeta hapana.

Hapo nikafufuka. Nikamweleza habari za mgeni mkubwa, wimbo wa taifa, na karatasi ya Mwalimu.

"Kile kikombe cha tarumbeta kinasukuma hapahapa," akasema, akinigusa juu ya mdomo. "Ukipuliza kabla mfupa haujashika, basi. Yote mawili. Mimi sitakuwa na la kufanya ila kuyang'oa." Kisha akaegemea kiti. "Hebu nionyeshe unavyopuliza. Bila tarumbeta. Midomo tu, na usitumie nguvu."

Nikafanya, kadiri mdomo wenye ganzi ulivyoweza. Akainama, akaitazama midomo yangu.

"Unacheka."

"Sicheki."

"Unacheka, baba. Unapopuliza, pembe za midomo zinafunguka kama mtu aliyemwona mchumba. Nimetazama midomo miaka mingi. Upepo wako unatoka pembeni. Mwanya haukuhusika kabisa."

Mama, pale kwenye benchi, akafunika uso kwa khanga. Mabega yakawa yanacheza. Nilidhani analia, nikasikitika. Kumbe anacheka mpaka basi.

Kesho yake kabla ya chai nilikwenda nyumba tatu. Vijana wa bendi niliwavua vipete vyao kwa urahisi. Cha binti wa kwaya kilikuwa kimeshaanza kupanda, nusu yake ilikuwa haionekani. Sikukigusa. Nilimpakia lori lilelile la viazi na mama yake, na kwenye lori nilijiombea mimi mwenyewe zaidi kuliko nilivyomwombea yeye, kwa sababu mama yake alikuwa na mkono mzito. Kilitoka salama. Mama yake alinipiga kofi moja tu, la mgongoni, kwa kuheshimu waya wangu.

Zikabaki wiki mbili na nusu. Kwenye mkutano wa kijiji, baada ya habari za mbolea na za trekta lililoahidiwa, mwenyekiti akafika kwenye mengineyo. Mengineyo yalikuwa mimi.

"Ndugu wanakijiji," akasema, "tunayo taarifa kwamba tarumbeta ya kwanza ina hitilafu ya meno. Mgeni wetu atasimama hapa dakika chache tu. Wimbo wa taifa ni mfupi. Tunamwomba ndugu yetu kijana ajitolee. Siku moja."

Watu wakanigeukia. Nilijua wanavyojisikia. Walikuwa wamechonga barabara kwa mikono, wamepaka chokaa mpaka kwenye mawe. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, anatazama viatu vyake. Na mimi, nisijifiche, nilitaka kukubali. Nilishaona gari la mgeni, nimeona anavyogeuza kichwa na kuuliza, "Huyu ni nani?" Nilishafungua mdomo.

Mzee mmoja akadakia: "Siku hizi hakuna changu na chako. Hata meno ya kijana yule ni ya kijiji."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama akasimama. Mama si mtu wa kusimama mikutanoni; husema kusimama ni kwa ajili ya wimbo na ugali.

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamooni wazee," akasema. "Mimi nauliza tu. Kijiji hiki kina shamba la pamoja, na nalilima. Kina duka la pamoja, lina viberiti na chumvi, nashukuru. Sasa kama meno haya nayo ni ya pamoja, tukubaliane zamu. Mwanangu akiyapoteza, nani hapa atakayempa yake Jumatatu? Mzee wewe?"

Yule mzee alikuwa na meno matatu. Mkutano ulivunjika kwa kicheko, na mimi nikajifunza kwamba hoja ni kama lori la kushuka Mombo, ikishaanza kuteremka hairudi nyuma. Mwenyekiti aligonga meza mara nne. Mwalimu akainuka wakati watu bado wanafuta machozi.

"Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia kijana auzibe mwanya. Wimbo utapigwa. Tarumbeta ya kwanza itaimbwa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mgeni alikuja, amechelewa, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Bendi ikapiga, na pale sauti ya tarumbeta ya kwanza ilipotakiwa, akina mama wa kwaya, mama yangu akiwa katikati, wakaifuata kwa midomo: *ta-raa, ta-ra-raa*. Mimi nilibeba ngoma kubwa. Mgeni alisimama wima mpaka mwisho, kisha nikamwona akimuuliza mwenyekiti jambo huku akitabasamu. Mwenyekiti baadaye alitutangazia kwamba mgeni amesifu ubunifu wa kijiji. Dereva wake alituambia kwamba aliuliza choo kiko wapi. Chokaa ilisaidia.

Wiki sita zilipotimia nilirudi Lushoto na mama. Yule bwana akaukata waya, akachukua koleo na kuligonga jino la kulia. *Tik.* Akaligonga la kushoto. Mlio wake ulikuwa mzito kidogo. Akalishika, akalisukuma. Nilifumba macho. Nilikuwa nimeshaaga jino lile, nimeshalisamehe.

"La kulia limeshika," akasema. "La kushoto linafikiria."

"Litatoka?" mama akauliza.

"Inategemea mwenyewe. Hayatakuwa mafupi kama zamani, na mwanya utarudi, huo hauna adabu. Akiyatunza, atazeeka nayo."

"Na tarumbeta?" nikauliza.

Akauviringisha vidoleni ule waya alioukata. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kukataa akakosa. "Miezi miwili usiguse. Halafu dakika tano kwa siku. Dakika tano, si sita. Usikandamize, na usicheke. Likianza kucheza, unaacha siku hiyohiyo na unakuja. Unaahidi?"

Mama akasema, "Anaahidi."

Miezi miwili ikapita. Nyumbani kwetu hakuna saa. Baba alishauri nihesabu kwa kidole, lakini mama hakuniamini kuhesabu jambo ninalolipenda. Akaamua mwenyewe: nitaanza kupuliza anapoteleka maji ya ugali, na maji yakichemka, basi. Hata kama niko katikati ya mstari.

Kwa hiyo jioni hizi nasimama juu ya jabali nyuma ya nyumba, midomo nimeibana kama mtu aliyenuna, meno yangu marefu yametulia nyuma yake, la kushoto likiwa bado linafikiria. Napiga noti moja, naipumzisha. Napiga mstari. Noti sasa zinatoka safi, na redio bado haijatuma gari, lakini barabara yenyewe unaijua ilivyo wakati wa mvua. Wiki iliyopita niligundua kwamba muda wangu unapungua. Nikaingia jikoni kuchungulia. Mama alikuwa ameacha sufuria kubwa, anateleka kile kisufuria cha chai, maji vikombe viwili, na kuni kama za kuchomea tofali.

"Mama, hizo si dakika tano."

"Umeona jino lako linasemaje leo?"

"Halisemi kitu."

"Basi lisikilize likiwa limenyamaza. Rudi kwenye jabali, nimeshayaweka."

Nikarudi mbio. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu wa wimbo mmoja wa kitabu cha nyimbo za kanisa, ule unaopanda, nilipomsikia akipaza sauti mlangoni: "Basi! Yamechemka!" Nikashusha tarumbeta. Na kule bondeni, watu waliokuwa wakirudi kutoka shamba la pamoja, majembe begani, wakaumalizia mstari wangu kwa midomo yao.